Mwasumini Uliokatwa Ndani ya Eda

Mwasumini wa Bi Mwamvua binti Msafiri ulikatwa yeye mwenyewe akiwa ndani ya eda, ukuta mmoja tu ukimtenga na panga, na wanaume waliokaa baadaye kuamua shauri lake wakasema kwamba aliridhia. Nalitanguliza hili mbele ya mengine yote, kwa sababu hapa Pangani habari hii imezoeleka kusimuliwa kinyume. Huanzwa na uzuri wa harusi za zamani na jinsi mitaa ilivyokuwa ikinukia, kisha mwisho kabisa, kama mtu akumbukaye mvua ya mwaka fulani, msimulizi huongeza kwamba hata ule mwasumini nao ulikufa. Haukufa. Uliuawa, na aliyeuua alikuwa na jina.

Bi Mwamvua hakuzaliwa Pangani. Kwao ni Mkwaja, huko kusini pwani, ambako mama yake alikuwa na mwasumini uliotambaa juu ya ua wa makuti karibu na kisima. Alipoolewa na Idarusi, mshona kanzu wa mtaani kwetu, mama yule hakumpa bintiye mkufu wala mkeka wa kuwapambia watu macho. Alimpa tawi moja la mwasumini, lililokwisha kutoa mizizi, limepandwa ndani ya kifuu cha nazi na kufungwa jani la mgomba. Bibi arusi alikibeba kifuu kile mapajani njia nzima, wakalala Ushongo, wakavuka mto kutoka Bweni, na hakukubali mtu mwingine akishike.

"Nyumba utaikuta ni ya mumeo," mama yake alimwambia, "na kiwanja ni cha wazazi wake. Huu peke yake ndio wako. Usiuchomeke pembeni kama mtu aibaye. Upande mahali pa kuonekana, na mashahidi wawepo."

Akafanya hivyo. Siku aliyotolewa nje baada ya fungate, shimo lilichimbwa katikati ya uani. Idarusi alishika jembe, mama mkwe akaangalia, na Bi Shamsiya, kungwi aliyemfunda, akamwagia maji ya kwanza. Mama mkwe alitamka mbele ya wote kwamba mti ule ni wa mkwewe. Sina budi kulieleza neno hili, maana bila hilo msomaji wa leo hataona dhuluma iko wapi. Kwetu pwani ardhi na mti ni mali mbili. Mtu aweza kuwa na mnazi katika kiwanja cha mwenziwe, akaangua nazi zake, akaurithisha, na mwenye kiwanja hana ruhusa ya kuugusa. Akitaka kujenga pale uliposimama, sharti akae na mwenye mti wasikizane. Mti uliopandwa mbele ya mashahidi ni kauli inayosimama yenyewe, hata mwenye nao akiwa hayupo.

Idarusi aliufungia chanja ya fito za mikoko na kamba za makumbi, na mwasumini ukapanda, ukajaa, ukawa dari la kijani lenye kivuli. Bi Mwamvua aliulisha mbolea ya mbuzi, akaunywesha asubuhi, akaupogoa bila huruma kila ulipomaliza kuchanua. Baada ya sala ya alasiri alichuma matumba yangali yamefumba, akayalaza ndani ya jani bichi la mgomba, kisha akaketi kuyatunga kwa sindano na uzi: makoja ya kuvaa shingoni, vikuba vya kifuani vyenye mrihani na mkadi, na maua ya kutawanya juu ya kitanda cha maarusi. Asumini hufunguka jioni ikiwa imekwisha kuchumwa. Huo ndio uungwana wake: humtoka mwenye mti imefumba, ikaenda kufunguka kwa mwingine.

Hapakuwa na kijana aliyeoa mtaani mwetu katika miaka ile asivalishwe koja lililotoka uani pale. Idarusi alikuwa akitania barazani, kipande cha bafta mapajani: "Mimi na mke wangu tunagawana wateja. Mimi namvika mtu kanzu ya kuingilia msikitini, yeye anamvika koja la kuingilia chumbani. Sasa niambieni, ni nani kati yetu anayesubiriwa zaidi?"

Hawakujaaliwa mtoto. Wenye ndimi walisema mti ule ndio mwanawe, na walidhani wanamtukana. Yeye alijibu kwamba, alhamdulillahi, mwanawe hajapata kumtukana mtu.

Mdogo wake Idarusi aliitwa Sadalla. Alikuwa mnunuzi wa mbata, zile nazi kavu za kukamulia mafuta, mtu wa sala, mwenye sauti ya upole na macho ya kupimia viwanja. Uani kwa kaka yake kulielekea njia ya forodhani, na Sadalla alipatamani pale kwa ghala. Alisema zaidi ya mara moja, akijifanya anatania: "Kaka, uani kwako pamekaa bure."

"Hapakukaa bure," Idarusi alimjibu. "Pamekaa mwasumini."

"Mwasumini si mbata."

"Kweli. Mbata inanuka."

Watu wakacheka, na Sadalla akacheka pamoja nao. Maneno ya namna hiyo mtu mpole huyaweka akiba.

Mwanzoni mwa mwaka 1957 Idarusi alishikwa na homa akafariki. Kwa kuwa hakuacha mtoto, na wazazi wake walikwisha kumtangulia, mirathi ilijulikana: robo ya mke, na iliyobaki ya ndugu yake. Nyumba na kiwanja vingegawanywa kwa hesabu hiyo, na hilo Bi Mwamvua hakulipinga. Lakini mti haukuwa wa Idarusi, kwa hiyo haukuwa mirathi. Wazee walimweleza Sadalla waziwazi siku ya hitima: ukitaka ghala pale, subiri mjane atoke eda, mkae msikizane. Naye Bi Mwamvua, alipoletewa salamu hizo, alijibu kwamba angesikizana naye kwa sharti moja. Katika robo yake apewe ile sehemu ya uani wenye mti, na chumba kimoja cha kulala, abaki hapo hapo atunge maua yake mpaka afe. Hakutaka kingine. Mti ukiwapo, alikuwa na mahali Pangani. Usipokuwapo, alikuwa mgeni aliyefiwa.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Maalim Himyar, aliyesalisha msikiti wa mtaa, alikuja akasimama nje ya mlango akataja masharti, na Bi Shamsiya akayapokea kwa niaba ya mjane: asijitie manukato, asipake hina wala wanja, asivae nguo za kupendeza, asitoke nyumbani. Kisha likaongezwa la mwisho kwa sauti ileile, kana kwamba limetoka kisima kimoja na mengine: asizungumze na mwanamume awezaye kumwoa, wala sauti yake isisikiwe naye. Shemeji, ndugu wa mume, ni mmoja wa wanaume hao.

Bi Mwamvua alishika yote. Hata lile ambalo hakuna aliyemwagiza alilifikiria mwenyewe. "Mti wangu hautaki kujua kama nimefiwa," alimwambia Bi Shamsiya. "Utachanua. Tafadhali, bibi, uchume matumba yote kila alasiri, lisifunguke hata moja humu uani. Yapeleke kwenye nyumba zenye harusi. Thawabu zake zimwendee Idarusi."

"Mwanangu, manukato ni ya kujipaka. Wewe umejipaka nini?"

"Sitaki watu wapate la kusema."

Bi Shamsiya, mzee mwenye magoti mabovu, alipanda kigoda kila alasiri akachuma. Uani kwa mjane hakukufunguka ua. Mti uliokuwa umevika nusu ya mji ukawa kama nao unakaa eda.

Kisha ikafika siku ambayo Bi Shamsiya aliitwa Bweni kuosha maiti ya mwanamke. Alivuka asubuhi, na alipotaka kurudi kivuko kikawa kimeharibika. Alasiri ikapita, hakuna mkono uliochuma. Jua lilipozama matumba yakafunguka, chanja nzima ikawa nyeupe, na upepo wa baharini ukaibeba harufu hadi mlangoni mwa msikiti wakati watu wanatoka sala ya magharibi. Ndani, Bi Mwamvua alifunga dirisha akaziba nyufa kwa kanga yake. Hakuziba kwa kuogopa watu tu. Miaka yote ya ndoa yake harufu ile ndiyo iliyokuwa kwenye mto wake wa kulalia usiku. Sasa kitanda kilikuwa na upande mmoja mtupu, nayo inaingia.

Asubuhi iliyofuata, Bi Shamsiya akiwa amekwisha kuvushwa alfajiri na kurudi kwa mjane, Sadalla alikuja na panga na wachukuzi wake wawili. Yaliyosemwa nayajua kama nilivyoyapokea kwa mama yangu, Sabiha, jirani wa ukuta kwa ukuta, na kwa Bi Shamsiya, ambaye aliyarudia mpaka kufa kwake bila kubadili neno.

"Shikamoo, Bi Shamsiya," alisema Sadalla.

"Marahaba. Panga la nini asubuhi yote hii? Hapa hakuna nazi."

"Nimekuja kumsitiri shemeji yangu. Jana mtaa mzima umenusa. Watu wanatoka msikitini wanaulizana: huyu mjane anakaa eda au anakaa fungate?"

"Aliyeuliza hivyo amlete mama yake nimfunde upya. Mimi ndiye niliyechelewa kuchuma. Nikate mimi."

"Wewe hunukii, bibi."

Wachukuzi wakacheka. Nyuma ya mlango Bi Mwamvua alisikia yote. Akamnong'oneza kungwi wake kupitia upenyo: "Mwambie asiuguse. Mwambie ni wangu, nilitoka nao kwetu Mkwaja, na mama yake mzazi ndiye shahidi."

Bi Shamsiya akapaza sauti: "Anasema usiuguse! Ni wake, alitoka nao kwao Mkwaja, na mama yako mzazi ndiye shahidi!"

"Nani anayesema?"

"Mwenye mti."

"Mimi sisikii sauti ila yako," alisema Sadalla, kwa ule upole wake. "Na mti si wako wewe. Mwenye kukataza na atoke anikataze."

"Sadalla, muogope Mungu. Unajua hatoki. Unajua hawezi kukusemesha."

"Basi mimi nimfanyeje, bibi?"

Akanyanyua panga.

Bi Mwamvua aliutia mkono kwenye komeo. Bi Shamsiya, aliyekuwa amesimama kizingitini, akauegemea mlango kwa mgongo wake wote. "Usitoke, mwanangu. Ukitoka leo watasema haki ya Idarusi umeikanyaga mchana kweupe, na hapo ndipo utakapokosa vyote, mti na jina. Mti huchipua tena. Jina halichipui."

Mkono ukatoka kwenye komeo. Lakini mwanamke yule hakukaa kimya, na hapa naomba msomaji ashike vizuri. Alichukua mchi akaanza kukipiga kinu kitupu kilichokuwa ukumbini, kwa nguvu zake zote, pigo juu ya pigo, ili majirani wasikie. Kinu kitupu kina sauti yake: kinalia, wakati chenye nafaka huguna. Kila mwanamke wa pwani hupambanua hata akiwa usingizini. Mama yangu alitoka mbio na unga mikononi, na wanawake wengine nyuma yake. Walipofika uani, mwasumini ulikuwa umelala.

Haukukatwa kwa pigo moja, maana mti mkongwe wa kutambaa umejisuka na kujifunga. Sadalla alikata shina, kisha wachukuzi wakaivuta chanja ikaanguka yote pamoja, fito na majani na matumba yaliyokuwa yafunguke jioni ile. Na kwa kuwa alijua, kama ajuavyo kila mtu, kwamba mwasumini ukikatwa huchipua upya, hakuuachia hata nafasi hiyo. Wakafukua mzizi, wakamwagia shimoni maji ya chumvi yaliyochemka, ambayo walikuwa wamekuja nayo ndani ya debe. Yaani alipotoka kwake asubuhi, akisema anakwenda kumsitiri shemeji, chumvi ilikuwa imekwisha kuchemka.

"Matawi haya mwaweza kupikia," aliwaambia wanawake.

Bi Shamsiya alimtazama. "Nakuombea maisha marefu, Sadalla, uoe mke wa pili. Siku hiyo kitanda chako ukitandike mbata."

Nimetaja kwamba asumini hufunguka hata ikiwa imetoka mtini. Jioni ile matumba yote yaliyotapakaa mchangani yalifunguka. Harufu ilikuwa kali kuliko ya jana yake, ikajaa mtaa, ikaingia msikitini kwenyewe. Watu wakasali magharibi wakatoka. Hakuna aliyeuliza kama mjane yuko eda au fungate.

Alipomaliza eda, Bi Mwamvua alioga, akavaa buibui, akamshtaki Sadalla mbele ya wazee wa mtaa. Kikao kilikaa barazani kwa Mzee Mselem, mwenye mashamba ya minazi. Bi Mwamvua aliketi ndani nyuma ya pazia pamoja na Bi Shamsiya na mama yangu, na sasa sauti yake iliruhusiwa. Uani kwake, wakati huo, kuta za ghala zilikuwa zimefika kiunoni.

"Sidai nyumba," alianza. "Nyumba ina mirathi yake, nipewe robo yangu nishukuru. Nadai mti wangu. Ulipandwa mbele ya mashahidi, na huyu bwana aliambiwa asubiri."

Sadalla hakukana kuukata. Alisema aliukata kwa kuhofia eda ya shemeji yake, na kwamba mwenyewe alikuwapo nyumbani, akasikia, asikatae. "Wazee wangu," alisema, "bikira akiulizwa akanyamaza, hatumwozeshi? Kunyamaza kwake si ndiyo ridhaa yake? Sasa huyu ni mtu mzima. Alinyamaza."

Barazani kukapita kicheko kidogo, kile cha wanaume walioridhika na mfano.

"Ngoja, Sadalla," alisema Maalim Himyar, ambaye elimu haikumruhusu kuliacha kosa lipite. "Hilo ni la bikira. Mwanamke aliyekwisha kuolewa, ridhaa yake ni kutamka kwa ulimi wake. Kimya chake si ridhaa."

"Na kukataa kwake?" aliuliza Mzee Mselem.

"Nako kwa ulimi wake."

"Basi alitamka?"

"Alitamka kwangu, nami nikatamka kwake!" alisema Bi Shamsiya toka nyuma ya pazia.

"Bi Shamsiya, heshima yako iko palepale," alijibu Mzee Mselem. "Lakini Sadalla alisikia sauti yako. Yawezekana ulisema kwa kumwonea huruma. Nani mwingine aliyesikia kwa mwenyewe?"

Mama yangu akasema juu ya kinu. Alieleza alivyokisikia, na kwamba hakuna mwanamke anayetwanga hewa. Mzee mmoja akauliza, kwa kweli bila ubaya, kama mlio wa kinu una maana ya ndiyo au ya hapana. Mwingine akasema wachukuzi wote wawili walidhani ndani kunatwangwa kisamvu. Na mtu atwangaye kisamvu, akaongeza, hana hasira kubwa.

Tazama jinsi mlango ulivyofungwa. Mjane haridhii ila kwa kutamka, na mjane wa eda hatamki mbele ya mwanamume. Kati ya kanuni hizo mbili ndipo panga lilipopita, na kila mzee aliyekaa pale aliuona upenyo ule akaona ni jambo la kawaida.

Bi Mwamvua aliuona pia. "Maalim," aliita, "naomba kuuliza. Mjane akiwa ndani ya eda, mali yake ikavamiwa, amekatazwa kusema?"

Maalim Himyar akasema yaliyo kweli: "Hapana. Kuzungumza jambo la haja hakukukatazwa. Lililokatazwa ni kujipamba na kutoka bila dharura. Hilo la sauti ni mila zetu tu, za kuongeza sitara. Na mti kuchanua uani si manukato ya mtu. Sadalla alikosea."

"Mbona hukunifundisha siku uliyokuja kunikalisha eda?"

"Hukuuliza, binti Msafiri."

Mama yangu alisema kwamba hapo ndipo alipomwona Bi Mwamvua akivunjika, siyo siku ya panga. Siku ya panga aliamini kwamba anatoa mti ili kuilinda sheria ya Mungu. Sasa aliambiwa kwamba alichokilinda ni desturi ya watu, na kwamba aliyekuwa na jibu alisimama mlangoni pake, hatua chache kutoka kwenye komeo lile, akamwongezea kufuli.

Mzee Mselem akatoa uamuzi. Sadalla amekosea, aombe radhi. Lakini mti haupo tena, na usiokuwapo haurudishwi. Tena, akasema, wazee wamefikiri sana juu ya neno lenyewe la mti. "Mnazi una shina, mtu anauegemea. Mwembe una shina. Huu wako ni mtambao, unalala juu ya fito za watu, leo uko huku, kesho kule. Hatujapata kusikia mtambao ukiwekwa katika hesabu ya miti. Ni maua, binti Msafiri. Maua ni pambo."

Nyuma ya pazia sauti ikatoka, tulivu kabisa.

"Mzee Mselem, siku ulipomwoa mama watoto, koja ulilovaa lilitoka wapi?"

Mzee Mselem akarekebisha kofia yake.

"Nawe Sadalla, lako? Na nyinyi nyote mliokaa hapo nje? Siku zile mliletewa mkayavaa, hakuna aliyeniuliza shina liko wapi."

Mtu mmoja akakohoa. Mzee Mselem akasoma fatiha, kikao kikafungwa. Sadalla aliomba radhi kwa sauti nzuri sana, na siku iliyofuata akaendelea kujenga.

Bi Mwamvua alichukua robo yake, akarudi Mkwaja kabla mwaka haujaisha. Wanawake walimsindikiza hadi kivukoni, na hakuna hata mmoja aliyevaa kikuba, kwa kuwa hapakuwa tena na pa kukipata. Kule kwao mwasumini wa mama yake ulikwisha kukauka zamani, pamoja na kisima. Akaishi kwa kusuka ukili wa mikeka. Mama yangu, alipokwenda kumtazama, alimchukulia tawi lenye mizizi alilolitafuta Tanga mjini, ndani ya kifuu, kama alivyokuja nalo yeye siku ya harusi yake. Bi Mwamvua alikipokea, akashukuru, akakiweka kivulini.

"Utaupanda wapi, shoga?" mama alimuuliza.

"Nikiupanda, mashahidi wangu watakuwa nani?" alijibu. "Nilikuwa nao watatu. Wawili wamekufa, na wa tatu hawakumsikia."

Alimrudishia mama kifuu siku ya kuondoka. Hakupanda kitu tena mpaka alipofariki.

Wako wasomi wenzangu waliopata kuniambia kwamba habari hii ni ndogo, kwamba katika miaka ile nchi nzima ilikuwa inadai haki zake na haifai mtu kuhesabu maua. Nawajibu kwamba wanaume walewale waliokaa barazani kwa Mzee Mselem walikuwa wakikutana pale jioni kulalamika, kwa uchungu wa kweli, kwamba mgeni amechukua ardhi yao kisha akaandika kwamba waliridhia. Walilijua jambo lile vizuri. Walilitambua kila lilipowapata wao.

Ghala la Sadalla lilisimama miaka michache. Uani pale hakuoti kitu hadi leo, maana chumvi haisahau. Lakini mwezi wa Februari mwaka 1964, Bi Asmahani, mke wa fundi baiskeli wa mtaani kwetu, alipofiwa na mumewe, kabla hajafungiwa mlango aliwaita watu uani kwake. Akagusa kwa mkono wake mdimu, mkomamanga na mwasumini mchanga, akaikabidhi kwa mama yangu mpaka atakapotoka eda. Na Maalim Himyar, bila kuulizwa, akamwambia kwa sauti waliyoisikia wote kwamba mjane akidhulumiwa ndani ya eda anaruhusiwa kusema.